Watu Wanaokufa Hawaimbi

Filamu ile ilipofika Kolwezi, Mama Angèle Ndaya alikuwa ameshatia mkono wake ndani yake, ingawa hakujua ametia mkono katika jambo gani.

Alikuwa fundi wa nguo. Aliishi Dilala, kwenye mojawapo ya zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya zamani ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake. Cherehani yake ilikaa barazani, naye akishona alitazama barabara, pikipiki za teksi na vumbi jekundu lililokuwa likituingia sote majirani mpaka kwenye sufuria. Mumewe, Kazadi, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu akamwachia watoto wawili, Hénock na Abigaëlle. Hénock, yule mkubwa, aliacha shule akaingia kwenye mashimo ya shaba na kobalti kama vijana wengi wa rika lake. Msimu mmoja wa mvua, shimo likamwangukia.

Habari hiyo ililetwa na Mulumba, kiongozi wa kikundi chao cha wachimbaji. Alisimama mlangoni, tope limemfika magotini, kofia iko mkononi.

"Mama Hénock," alisema, "udongo ulimupiga mara moja. Hakusikia kitu. Alienda sawa muntu mwenye kulala."

Maiti ililetwa imekwisha kufungwa. Wanaume wa kanisa walimwacha aone uso tu. Mikono ilikuwa imezungushiwa kitambaa cheupe, na alipotaka kukifungua walimshika taratibu wakamwambia, mama, acha. Hakubishana. Alikuwa na maneno ya Mulumba, akayashika hayo. Watu walipokuja kumpa pole, yeye ndiye aliyewaambia: "Alienda mara moja. Hakusikia kitu." Ungemsikia, ungedhani anawafariji wao.

Miaka kadhaa baadaye akaja kwake msichana mmoja kutoka Lubumbashi, jina lake Shekina, na marobota ya kitambaa cha buluu na cha njano. Alisema wanatengeneza filamu ya nyimbo na ngoma hapa hapa Kolwezi, na wachezaji wanahitaji ovaroli. Mama Angèle aliipenda kazi ile. Kitambaa kilikuwa kizuri, kilikubali sindano, na Shekina alikuwa mcheshi. Mama Angèle alimuuliza mara moja tu filamu yenyewe inasema nini.

"Inasema juu ya bijana ba huku, mama. Juu ya furaha yabo."

Basi, akashona.

Filamu iliitwa *Udongo Unaimba*. Ilionyeshwa Lubumbashi, ikaonyeshwa Kinshasa, ikavuka bahari, ikarudi na tuzo. Nyimbo zake zilitufikia kabla ya filamu yenyewe. Ziliimbwa saluni, ziliimbwa kwenye foleni ya maji, na wanakwaya walizivuma chini chini wakisubiri padri atoke. Abigaëlle, aliyekuwa anamaliza sekondari, alizijua zote, pamoja na michezo yake ya mabega. Kwa hiyo lilipotoka tangazo kwamba filamu itaonyeshwa Manika, katika ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa, hakuna aliyetaka kukosa.

Mama Angèle alikaa katikati ya ukumbi na binti yake. Mwanzoni alicheka pamoja na wote. Watu walikuwa wakiitaja mitaa yao kwa sauti, "Ile ni soko yetu!", "Angalia nyumba ya Tata Lukusa!", kana kwamba hawakupita hapo asubuhi ile ile. Kisha wakatokea vijana wa mashimoni, wanacheza, wamevaa ovaroli zake. Alizitambua kola, alizitambua mifuko. Zilikuwa safi kabisa. Mchimbaji alikuwa anaingia shimoni na kutoka, na kitambaa hakina hata doa la tope.

Halafu shimo likaanguka.

Kitambaa cha sinema kikawa cheusi. Katika weusi ule ikasikika sauti moja ya kijana, polepole, halafu ya pili, halafu nyingine, mpaka ukawa wimbo mzima wa sauti nne, mzuri kama wa Pasaka. Wanawake walianza kulia. Nyuma ya Mama Angèle kuna mtu alisema, "Yezu, ni muzuri."

Mama Angèle alisimama. Alipita mbele ya magoti ya watu bila kuomba radhi, akatoka nje, akasimama juani karibu na jenereta. Hata hapo wimbo ulimfuata kupitia ukutani. Baadaye alisikia shangwe na makofi, kwa sababu mwisho wa filamu, kama watu wote walivyokuwa wakisimulia, wenzao walioko juu wanafuata ule wimbo, wanachimba mpaka wanawafikia, na wote wanatoka hai wakicheza mdomoni mwa shimo.

Jioni ile alikuja nyumbani Tata Tharcisse, kaka mkubwa wa marehemu Kazadi, karani mstaafu wa reli aliyeishi Tenke. Alikuwa ameiona filamu, na alikaa kitini kama mtu aliyetukanwa.

"Ni haya, ni aibu," alisema. "Bantu banakufa mule kila mwaka, na bo banatuletea ngoma. Na inje kule banapiga makofi! Banapenda kuona vile tunakufa na meno inje."

Abigaëlle alikuwa anasonga bukari. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Tata mukubwa, mi sioni vile. Kila mara banatupiga picha, ni machozi, ni batoto na magunia, ni vumbi. Sasa mara moja tu banatuonyesha tunacheka, tunapendana, tunaimba. Ile ndiyo haya?"

"Shimo ni fasi ya kucheza?"

"Hata ku kilio banachezaka! Ku kilio ya koko, muzazi wenu, hamukucheza?"

"Ndugu yako alikufia mule, Abigaëlle!"

Hapo msichana aliinua uso. Macho yakamjaa maji, lakini hakuyashusha. "Najua fasi alikufia," alisema. "Ndiyo sababu naipenda. Mu ile filme, banatoka."

Tata Tharcisse alimgeukia shemeji yake. "Mama Hénock, sema we. We ndiyo mama."

Mama Angèle alikuwa anakata kitambaa cha mteja. Hakuinua kichwa. "Bantu benye kukufa habaimbake," alisema, na mkasi ukaendelea.

Neno lile lilitoka nyumbani mle kabla yake mwenyewe. Tata Tharcisse alilipeleka parokiani, na vijana wa parokia walipoandaa mjadala kama filamu inastahili sifa inazopewa ama haistahili, walimwomba Mama Angèle aje aliseme mbele ya watu. Alikwenda. Alisimama na kitenge chake cha misa, akasema alishona nguo za filamu ile na alimzika mwana aliyefia shimoni, na kwamba bantu benye kukufa habaimbake, udongo unapiga mara moja. Akakaa.

Radio ndogo ya mtaa ililirusha. Kuanzia hapo Kolwezi iligawanyika juu ya filamu, na neno la Mama Angèle likawa kama fimbo ya upande mmoja. Sokoni mwuza makaa alimtupia mwenzake, "Habaimbake!", na mwenzake akajibu kwa wimbo wenyewe, kwa kelele, kumkera. Wachimbaji nao hawakukubaliana. Wengine walisema filamu imetia chumvi, wengine walisema tuacheni tuonekane hata mara moja na nguo safi. Abigaëlle aliacha kuimba nyumbani. Mama na binti walikula wakitazama sahani.

Sisi majirani tuligundua kitu kingine. Mama Angèle alikuwa akilirudia neno lake hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Ulipeleka suruali ipunguzwe, akakupima kiuno, na katikati ya kupima akasema, "Unajua, bantu benye kukufa habaimbake." Usiku taa yake ilizimika kwa kuchelewa. Tulidhani ni hasira. Ilikuwa hofu. Kwa sababu kama mtu anaweza kuimba chini ya udongo, basi chini ya udongo mtu yu hai, anangoja. Na kama anangoja, ile "mara moja" ya Mulumba imekwenda wapi?

Asubuhi moja, jua limeshapanda, pikipiki ilisimama mbele ya baraza lake. Dereva alizima mtambo lakini hakushuka. Alikuwa kijana mwembamba, sikio moja limekatika ncha.

"Mama, jambo. Haunitambue?"

Alimtazama kwa muda mrefu. "Mukalay," alisema mwishowe.

Mukalay alikuwa mchimbaji wa kikundi cha Hénock. Baada ya ajali aliondoka Kolwezi kabla ya mazishi, na watu walisema yuko Tenke, anaendesha teksi. Mama Angèle hakuwa amemwona tangu wakati huo. Alimwonyesha kigoda, lakini kijana alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"Nilisikia neno yako ku radio, mama."

"Ni neno ya kweli."

Mukalay alijipangusa uso kwa kiganja. "Mama, unisamehe. Hénock aliimba."

Cherehani ilikuwa bado inazunguka. Mama Angèle aliweka mkono juu ya gurudumu lake mpaka likasimama.

"Nani?" aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Hénock. Aliimba."

"Mulumba aliniambia udongo ulimupiga mara moja."

"Mulumba alikuhurumia. Shiye wote tulikubaliana aseme vile. Mi ndiyo sikuweza kuya kusimama mbele yako na kukudanganya na ile bongo, ndiyo maana nilikimbia."

Barabarani lilipita lori la madini, na wote wawili walilisubiri lipite kama mgeni anayepita katikati ya mazungumzo.

"Sema," alisema Mama Angèle.

"Tulikuwa tumeshapanda inje. Yee alibakia mu njia ya chini, anafunga gunia ya mwisho. Udongo ukashuka, ukafunga njia. Tukazani, basi, ameshakufa. Tukaanza kulia. Kisha tukasikia. Kupiga kelele inamalizaka pumuzi, mama. Kuimba, unapima pumuzi yako, unaigawanya. Alikuwa anaimba juu ya kutujulisha fasi yee iko."

"Aliimba nini?"

Mukalay alisita. "Haikuwa ya kanisa. Ilikuwa ile ya mupira, ya kuchekelea ekipe ingine. Iko na matusi kidogo."

Kitu kama kicheko kilimtoka Mama Angèle puani, kikakatika. "Aliimba mubaya?"

"Mubaya sana. Hénock hakujuaka kuimba."

"Hakujuaka," alisema mama yake. "Hapana, hakujuaka."

Kijana aliendelea akitazama mikono yake mwenyewe. Alisema waliifuata sauti. Ilikuwa inatokea upande wa kuume, wote waliisikia upande wa kuume, hapakuwa na ubishi. Wakachimba kuume kwa sepetu, na palipobana, kwa mikono. Kadiri walivyochimba ndivyo sauti ilivyokaribia. Ikawa karibu kabisa, kama mtu yuko nyuma ya mlango. Walimwambia, tunafika, ndugu, endelea. Naye aliendelea. Halafu akanyamaza.

"Kesho yake ndiyo bakamupata," alisema Mukalay. "Alikuwa ku mukono ya kushoto. Mbali. Shiye tulichimba kuume, yee alikuwa kushoto. Sauti mu udongo inadanganyaka, mama. Inatafuta fasi penye kupasuka, inapita, inazunguka, inatokea upande wenye hauko."

Mama Angèle aliuondoa mkono kwenye gurudumu la cherehani. Kisha akauliza kile alichokuwa hajamuuliza mtu yeyote tangu siku ya mazishi.

"Mikono yake?"

"Yee pia alikuwa anachimba," alisema Mukalay.

Mama Angèle aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo mpaka kijana akadhani hatatoka tena. Alipotoka alikuwa na maji katika kikombe. Alimpa, akasubiri anywe.

"Ile filme uliiona?"

"Niliiona Tenke."

"Iko muzuri?"

"Pale banaimba mu giza, nililia, mama. Nilisema, ni nani alibaambia? Kisha banafuata sauti na banabatosha mu udongo bazima." Alirudisha kikombe. "Pale nilitoka inje."

Mama Angèle alifikiri kidogo. Yeye alitoka walipoanza kuimba, na huyu alitoka walipookolewa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona filamu nzima, na mji wote ulikuwa ukigombana juu yake.

"Banaionyesha tena Jumamosi," alisema. "Utanipeleka."

Walikwenda, yeye amekaa nyuma ya pikipiki ameshika begi lake, na Abigaëlle kwenye pikipiki nyingine nyuma yao. Msichana alikuwa ameambiwa habari ya Hénock njiani mpaka stendi, kwa maneno machache. Mchana ule ukumbi haukujaa. Walikaa watatu kwenye benchi moja.

Weusi ulipokuja na sauti ya kwanza ikasikika, Mama Angèle alibaki kitini. Alisikiliza mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo mzuri, alikubali hilo, lakini alitamani uharibike mahali fulani, mwimbaji apotee njia, akohoe, atukane. Alikuwa anatafuta sauti mbaya katikati ya zile nzuri, na hakuipata.

Kisha wenzao wa juu wakaifuata sauti, wakachimba, nayo iliwapeleka mahali penyewe. Mukalay alikuwa ameushika ukingo wa benchi. Udongo ulipasuka, ukaingia mwanga, na vijana wakaanza kutoka mmoja mmoja wamevaa zile ovaroli za njano na buluu, wakacheza, mama zao wakawakimbilia. Mama Angèle alijua kila mshono uliokuwa mgongoni mwao. Hata hivyo alijikuta amenyoosha shingo, anawatazama usoni kila mmoja anayetoka, na yule wa mwisho alipotoka aliendelea kutazama lile shimo nyuma yake. Filamu iliondoka pale. Yeye alibaki.

Abigaëlle alikuwa analia bila sauti. "Mi pia ninamuangaliaka, mama," alisema. "Kila mara."

Tata Tharcisse alikuwa nje anawasubiri, amevaa koti lake la safari. Watu wa radio walitaka Mama Angèle aseme tena, safari hii kwa kirefu, kwamba filamu ni uongo na haistahili heshima inayopewa.

"Hapana, Tata," alisema Mama Angèle. "Sitasema tena."

"Umebadilika? Sasa iko muzuri?"

"Banaimba. Pale banasema kweli, na mi ndiyo nilisema bongo." Alikuwa akitafuta maneno. "Kisha banabatosha. Pale bo ndiyo banasema bongo. Mwenye kuipenda, aipende. Mwenye kuichukia, mi siwezi kumwambia yuko na makosa. Lakini jina ya mutoto yangu isiingie tena mu palabre na ubishi yenu."

Tata Tharcisse alimtazama Mukalay, aliyemjua kuwa mwenzake Hénock wa shimoni, akalitazama lile sikio lililokatika, na nadhani alielewa sehemu yake. Alivua kofia yake akamshika shemeji yake mkono kwa mikono miwili. Hakumwomba tena.

Mjadala ulikwisha wenyewe, kama mijadala inavyokwisha, ilipokuja filamu nyingine. Abigaëlle alimaliza shule. Nyimbo zile bado anazijua, na mama yake hamkatazi. Mukalay, akileta abiria Kolwezi, hupita Dilala akala. Huzungumza habari za pikipiki na za barabara ya Tenke. Mulumba naye alikuja siku moja kuomba msamaha, na Mama Angèle alimwambia hana cha kumsamehe, kwamba alimpa usingizi wa miaka, na si kila mtu anapewa usingizi.

Lakini kuna jambo lilimwingia ambalo halijatoka. Ukimwita, hajui sauti inatokea upande gani. Nimeliona mwenyewe, kutoka uani kwangu. Abigaëlle alisimama mlangoni akaita, "Mama!", na Mama Angèle, aliyekuwa uani anaanika nguo, aliacha alichoshika, akageukia barabarani, akageukia ukutani, akatazama chini, halafu akabaki amesimama hivyo, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Binti aliita tena. Alikuwa hatua chache tu kutoka alipo. Mama yake alianza kutembea kwa haraka, upande usio wenyewe, mpaka akafika kwenye ukuta, akauwekea viganja.

Siku hizi Abigaëlle hamwiti. Akimtaka huacha kazi yake, huja mpaka karibu, akamgusa bega.